Gurudumu Lililochapwa Henzirani

Niliamini, tena kwa moyo mweupe na cheti changu cha kidato cha nne mfukoni, kwamba gari la Kijapani likilia magurudumu ya nyuma, basi liliua mtu kwao, na marehemu amepanda nalo meli mpaka huku kwetu. Wenye magari wote wa Kibiti waliliamini jambo hilo, na wasio na magari waliliamini zaidi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mwenye pesa akiagiza atakacho kutoka nje. Mjomba wangu, aliyekuwa akinunua kamba Kiongoroni na kuwauza Dar es Salaam, alijinunulia gari dogo jeupe, la aina ya saluni, lililokwisha kutumika Japani, akanikabidhi funguo niwe dereva wake. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, fizikia nimefaulu, msuguano naujua pamoja na kanuni zake zote. Gari lile lilikuwa na breki za diski hata nyuma. Mafundi wetu, waliozeekea kwenye breki za madramu za malori, walilitazama kama ng'ombe mwenye vichwa viwili.

Mwezi wa tatu likaanza kulia. Wacha bwana! Nikikanyaga breki sokoni Kibiti, mbwa wa Mchukwi wanaitikia. Watoto wachanga waliachia ziwa. Mjomba akamleta mganga kutoka delta, huko anakonunua kamba, naye mganga akachuchumaa, akatega sikio kwenye rimu.

"Huyu mwanamke," akasema. "Aligongwa akivuka barabara. Mnamsikia anavyoomba msaada?"

"Anaomba kwa Kijapani?" nikauliza.

"Pepo hana lugha, msomi. Kalete henzirani."

Dawa ilikuwa hivi: kila asubuhi, kabla sijawasha injini, nilichape kila gurudumu la nyuma viboko arobaini, kwa henzirani ileile ya mwalimu wa madrasa iliyonitoa machozi utotoni. Nililichapa kwa kisasi cha miaka yangu yote ya chuoni. Henzirani tatu zilipasuka. Majirani walitoka na vikombe vyao vya chai kunielekeza: "Mpe ya ubavu! Huyo bado ana kiburi!" Tukachinja tetea mweusi juu ya diski. Damu ilifoka, kichwa kikaruka mpaka kwenye kapu la muuza mhogo, na tulipoondoka diski ikapata moto, damu ikaungua, moshi wake ukatufuata kama deni la mirathi. Kelele ikazidi.

Katikati ya vita hivyo hendibreki nayo ikalegea. Ukiivuta, mkono unapanda mpaka kwapani. Hilo sikumwachia mganga. Niliingia uvunguni na spana, nikakaza nati ya kebo inayovutwa na hendibreki mpaka nyuzi za nati zikaisha. Tangu hapo magurudumu ya nyuma yalichemka hata ungeweza kukaangia mihogo ile, na kilio sasa kikawa hakingoji nikanyage breki.

Mganga akarudi na chupa mbili za mafuta ya nazi aliyoyasomea. "Fimbo imemchosha," akasema. "Sasa mbembeleze." Nikammiminia, chupa moja kila upande, mpaka diski zikang'aa kama mashavu ya bwana harusi.

Kimya! Nilikanyaga breki mara ishirini, gari likasimama kwa zile za mbele, nyuma hapakutoka hata mguno. Mjomba alilia, akachinja mbuzi, tukala pilau hadi vifungo vikakatika.

Kesho yake niliegesha gari kwenye mteremko ulio juu ya soko. Nikavuta hendibreki mpaka ikalia kwikwi, gia nikaiacha huru, kwani kebo si niliikaza kwa mikono yangu mwenyewe? Nikaenda kununua sambusa. Chini ya mteremko, akiwa ameupa ukuta wa duka mgongo, alikaa muuza kahawa, mtu mzima aliyekuwa fundi katika karakana ya shirika moja la umma mpaka liliposambaratika na yeye akapunguzwa kazini.

Gari liliteremka kinyumenyume bila sauti. Lingelia, angeruka. Nilichosikia ni birika kupasuka, vikombe, halafu mguu wake wa kulia ukivunjikia baina ya bampa na ukuta, ko, kama muwa unaovunjwa gotini.

Walinipiga. Nilipigwa kwa kuni, kwa viatu, kwa mwiko wa ugali ukiwa bado na ugali. Mtu mmoja, naapa, alinipiga kwa papa mkavu. Meno mawili nikayaacha pale. Wana watatu wa muuza kahawa wakaja mbio. Mkubwa wao alikuwa na shoka. Alivunja vioo vyote na taa zote, kisha akanigeukia nikiwa chini, akasema taratibu kuliko wote:

"Mguu wa baba ukikatwa, tunachukua wako. Wa kulia vilevile."

Mjomba alifika, nikamshukuru Mungu. Akanipiga kofi.

Hospitalini Mchukwi daktari alisema tungoje siku tatu: vidole vikiwa vyeusi, mguu unakatwa. Wale wana waliniamuru nikae pale nimnyweshe baba yao uji. Nilikaa, uso umevimba kama fenesi. Vidole vile nilivitazama kuliko mwenye navyo. Mkubwa alikaa kwenye benchi nje ya dirisha, shoka mapajani, na kila nikichungulia aliutazama mguu wangu kama anayepima kanzu.

Siku ya tatu daktari akafinya dole gumba. Mgonjwa akatoa tusi ambalo siwezi kuliandika hapa, na kidole kikajikunja. Daktari akacheka, akasema mguu utabaki. Nililia kwa kwikwi. Nje, mkubwa aliliweka shoka chini ya benchi.

Muuza kahawa akanigeukia. "Mwanangu, lile gari halikuwa likilia nyuma?"

"Lilikuwa likilia, baba. Tulimtuliza."

"Mlimtuliza nani?"

Nikamweleza yote: mwanamke wa Japani, henzirani, tetea, kebo, mafuta ya nazi. Nilisogeza kikombe cha uji mbali na mkono wake.

"Pedi za breki, zile zinazobana diski, zilikuwa zimeisha," akasema. "Pedi ina kibati kidogo pembeni. Ikiisha, kibati kinagusa diski, kinalia. Wamekiweka makusudi, dereva asikie akanunue nyingine. Hendibreki ya gari lile inabana pedi hizohizo, ndiyo maana mkono ulipanda, na ulipozimwagia mafuta kibati kikanyamaza, nazo hazikuwa na cha kushika. Ungebadili pedi kwanza, ukaona gurudumu linazunguka huru kwa mkono, ndipo ukaze kebo, kidogo tu. Hakuna aliyekufa Japani, mwanangu. Ni kibati."