Marahaba ya Mwenye Macho

Juzi nilikuwa kwenye benchi la kliniki ya macho, Newala. Bibi mmoja wa kijiji cha Mkunya aliingia ameshikwa mkono na bintiye. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Hakuweza kuona aliyekaa mbele yake ana umri gani, basi akajihami kwa adabu: "Shikamoo, daktari."

Kijana wa koti jeupe, umri sawa na mjukuu wake, hakuinua uso kutoka kwenye simu.

"Marahaba."

Binti akajiziba mdomo kwa kitenge.

Kijana akaanza kumfundisha bibi, macho palepale kwenye simu: "Jicho kazi yake kupokea mwanga tu. Kinachoona ni ubongo."

Nilimwamini. Macho yake ni mazima kabisa. Sasa yeye tumpeleke kliniki gani?