Zamu ya Mwalimu Athumani

Athumani aliingia Lushoto mjini akiwa na chandarua kipya na bila sweta. Kwao Magoma, kule bondeni, kulala bila chandarua ni kujitafutia homa, na sweta huvaliwa na aliyekwisha kuugua. Mama Paskalina, mjane aliyekubali kumpa chumba, alimkuta mlangoni meno yakigongana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini hicho?"

"Chandarua, mama. Cha mbu."

"Mbu wa wapi? Huku mbu akija, atakuomba blanketi."

Blanketi lenyewe Athumani hakuwa nalo. Wiki ya kwanza alilala amejifunika chandarua kilichokunjwa mara nne.

Ilikuwa mwaka 1973, wakati watu wazima nchi nzima wakihimizwa kujua kusoma na kuandika. Athumani alikuwa amemaliza darasa la saba, akajitolea kufundisha. Magoma walimsindikiza kwa ngoma na hotuba mbili. Baba yake peke yake hakupiga makofi. "Utarudi tu," alisema. "Ndege wa mpunga wanakungoja." Kuamia ndege, yaani kushinda shambani tangu alfajiri ukipiga kelele na kurusha madongo, ndiyo kazi aliyoifanya Athumani tangu utoto, na hakuitaka tena hata kwa ndoto.

Darasa lake lilikuwa ghala tupu karibu na soko. Watu ishirini walikuwa wameandikishwa. Siku ya kwanza alifika mmoja, mzee Mika, tena kwa sababu mvua ilimkuta njiani. Siku ya pili jua liliwaka, na mzee Mika naye akapita moja kwa moja.

Mratibu wa elimu alipokuja kukagua, aliyakuta madawati yanang'aa kwa kutokukaliwa.

"Ndugu Athumani," alisema, "Jumatano ya mwisho wa mwezi nitarudi. Nikikuta hivi, darasa nalifunga, na wewe unarudi kwenu."

Athumani alitoka mbio mpaka sokoni, kwa mama mmoja muuza kabichi, Hadija, ambaye watu wa mtaa walimsikiliza kuliko walivyomsikiliza balozi wa nyumba kumi.

"Shikamoo, mama Hadija. Mbona hamji darasani?"

"Marahaba, mwalimu. Mbona na wewe hukuja kwangu?"

"Kwako lini?"

"Si majuzi ulitukuta tunalima pale mteremkoni? Ukasema 'poleni na kazi', ukaenda zako na chaki zako. Ile ilikuwa ngemo."

Ngemo ni kulima kwa zamu: leo watu wote kwangu, kesho wote kwako, na mwenye shamba hupika. Athumani alijua kulimiana, lakini hakujua kwamba hapa anayepita ngemo bila kushika jembe, hata kwa matuta mawili, amejitoa mwenyewe katika watu. Alidhani amesalimia vizuri.

"Ngemo nyingine ni lini, mama?"

"Kesho, kwa Paskalina wako unayelala kwake. Hata hilo hukulijua?"

Kesho yake alifika wa kwanza, jembe begani. Shamba la mama Paskalina lilikuwa limesimama wima kama ukuta. Wenyeji walijipanga chini, nyuso zikitazama juu, wakaanza kulima wakipanda. Athumani, mtu wa majaruba ya mpunga yaliyo sawa kama meza, aliona wanajitesa. Akapanda mpaka juu kabisa, akageuka kutazama bonde, akainua jembe. Pigo la kwanza lilikwenda vizuri. La pili lilikwenda naye.

"Mwalimu ameondoka!" alipiga kelele mmoja.

"Kaenda wapi?"

"Kwa Fatuma! Kapita njia ya mkato!"

Kweli alikomea chini, katikati ya maharage ya jirani, Fatuma, matope mpaka masikioni. Watu walicheka hadi wakakalia majembe. Fatuma aliyatazama maharage yake, akamtazama na mgeni.

"Haya," alisema, "hapo ulipofika, anza kulima. Uso juu, makalio bondeni."

Alilima hadi jioni kwa mama Paskalina, na siku zilizofuata kwa Fatuma na kwa mama Hadija, kwenye shamba lake la pili. Viganja vilifanya malengelenge, lakini hakuteleza tena, ila mara moja, kidogo. Jumanne kabla ya mratibu kurudi, walipokuwa wakila viazi pembezoni mwa shamba, mama Hadija aliuliza:

"Mwalimu, na kwako tutalima wapi? Zamu yako imefika, na huna hata tuta la mchicha."

"Zamu yangu naitaka kesho," alisema Athumani. "Darasani."

Fatuma aliweka kiazi chini. "Kukaa kwenye benchi? Hiyo nayo ni ngemo?"

"Mtu amelima, ana zamu yake," alisema mama Paskalina. "Akitaka tumchotee maji, tutachota. Akitaka tukae, tutakaa. Ila mwenye ngemo hupika, mwanangu."

"Nitapika wali. Mama alinifungashia mchele wa Magoma."

Huko milimani wakati ule wali uliliwa sikukuu. Hakuna aliyeuliza tena.

Jumatano mratibu aliposukuma mlango, alikuta madawati yamejaa na ukutani majembe yameegemezwa safu nzima, maana hakuna mtu aendaye ngemo mikono mitupu. Mzee Mika alikuwa mbele, ulimi nje, akichora herufi ya kwanza ya jina lake.

"Afadhali jembe," alinong'ona Fatuma, akiikamua penseli kama anakamua ng'ombe.

Mratibu alihesabu watu mara mbili, akampa Athumani mkono. "Darasa linabaki, ndugu. Na wewe unabaki."

Athumani alikuwa bado anatabasamu, mwiko wa wali mkononi, mama Hadija alipomgusa bega.

"Sasa mwalimu, umetuita watu ishirini. Watatu umetulimia. Kesho ni kwa mzee Mika."

"Shamba lake liko wapi?"

Mzee Mika aliinua penseli akaelekeza dirishani, juu, mahali mlima unapoingia mawinguni.

"Pale," alisema kwa upole. "Kwangu kuna mteremko kidogo."