Leo Kwetu Alhamisi

Ilianza Alhamisi, saa kumi na mbili kasorobo jioni, Baba alipoingia nyumbani mapema kuliko kawaida akiwa na kamba ya manila mkononi. Hakukaa hata kidogo. Alipitiliza hadi chumba cha wageni, akatoa godoro dogo, akalisimamisha koridoni na kuanza kulifunga.

Mama alikuwa jikoni anakuna nazi. Hakuuliza, maana walishaongea. Na sie watoto tulishaambiwa: kuanzia leo Baba atakuwa analala huko huko kwenye karakana yake ya useremala Kiwalani, arudi Jumapili tu. Kutoka huku Madale anaondoka hatujaamka na anarudi tumeshalala, amechoka, anakula peke yake na taa ya jikoni. Kirikuu ya jirani, kile kigari chake cha mizigo, inayoshukaga mjini kila jioni kufuata nyanya, ingepita baada ya Magharibi kumchukua yeye na godoro lake.

Nilisimama pale koridoni kama kabati. Nilikuwa na maneno, tena mengi, ila mie ndivyo nilivyo: yanafika kooni halafu yanageuza. Shuleni mwalimu akiniuliza swali, nikijibu darasa zima linaitikia, "Hatumsikiii!" Basi nikamwangalia Baba anavyokaza fundo, nikaikumbuka Kiwalani tulikokuwa tunakaa zamani.

Enzi zetu (najua msichana wa kidato cha tatu akisema enzi zetu watu wazima wanaziba midomo wasicheke, lakini wacha niseme hivyo hivyo), enzi zetu Alhamisi ilikuwa inajulikana hata kwa pua. Tulipanga chumba na sebule, ukuta kwa ukuta na majirani, na bati lilikuwa karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikishuka vikombe vinagongana kabatini. Siku hiyo Mama alikuwa anaacha kushona mapema. Anakoleza mkaa, anapika vitumbua, na harufu ya iliki inatoka nje kutukuta tukicheza rede. Mie nilikuwa naacha mpira hapo hapo. "Naenda, leo kwetu Alhamisi." Na wenzangu hawakukosa la kusema: "Kwani kwetu ni Jumanne?"

Tukishaoga, kazi yangu ilikuwa chetezo. Mama anatia kaa la moto, anadondosha ubani, ananikabidhi, nami nazunguka nacho taratibu: chumbani, sebuleni, hadi uani kwenye kibaraza alikokuwa anakaa Baba kusafisha randa zake. Sikutakiwa kumwita mtu. "Alhamisi haiitwi kwa kelele," Mama alikuwa anasema. "Ukipita na moshi, mwenye nia atainuka." Walinipa mie kazi hiyo kwa sababu hata ningeita nisingesikika mlango wa pili. Wakati ule nilidhani ni cheo.

Tukikusanyika Baba anatuswalisha Magharibi, halafu tunakaa kwenye mkeka na kusoma Yasin. Kaka Hamisi alikuwa anasoma mbio kama anafukuzwa, Baba anamgusa goti: "Pole pole, baba, Mungu hana haraka na wewe." Baada ya hapo kila mtu alikuwa anataja kitu kimoja cha kumshukuru Mungu wiki hiyo. Hamisi kila wiki anashukuru goli alilofunga, hata kama alilifunga wiki ya juzi. Mama anashukuru mashine kutoharibika. Zamu yangu ikifika, na ndege nayo ikifika, Baba alikuwa anainua kidole cha shahada. Wote kimya. Ndege inapita juu yetu, bati linatetemeka, vikombe vinalia, na sie tumekaa tunatazamana na kuzuia kucheka mpaka ngurumo inaishia mbali. Ndipo Baba anashusha kidole. "Ndege ina safari yake, sie tuna yetu. Haya, Mwanaidi, ulikuwa unasema." Nami nasema kisauti changu kile kile, na hakuna aliyewahi kuniambia rudia.

Kisha ndiyo vitumbua, na korosho alizotuma Bibi kutoka Newala, zile za kuchoma kienyeji, nyeusi upande mmoja. Aliyechelewa kukaa mkekani alikuwa anaambiwa atakula harufu. Na kweli alikuwa anakula harufu.

Tulipohamia Madale hakuna aliyesema tuache. Tulisema tu tukishamaliza kupanga vitu. Halafu tukasema Baba akianza kuwahi. Nyumba ina vyumba vinne, Alhamdulillah, na kila mtu ana mlango wake wa kufunga. Kaka Hamisi anakaa kwake na spika za masikioni, ukimwita hasikii, ukimgusa anaruka. Mdogo wetu Zuhura, mwenye miaka saba, Kiwalani haikumbuki. Siku moja nilimsimulia habari za Alhamisi, akanisikiliza kwa huruma kabisa. "Sasa dada, kama hamkuwa na king'amuzi mlikuwa mnaangalia nini?" Nikamjibu, tulikuwa tunaangaliana. Akasema pole. Watoto wa siku hizi wana adabu sana kwenye mambo wasiyoyaelewa.

Basi jioni ile fundo la mwisho lilipokazwa, Baba akaenda kutia udhu, nami nikaingia jikoni. Chetezo kilikuwa juu ya kabati, kwenye boksi la vikombe vya Ramadhani. Nikapanda kigoda. Mama aliniona, akaacha kukuna nazi. Alichukua koleo, akachomoa kaa kutoka kwenye jiko na kuniwekea.

Nilizidisha ubani. Moshi ulitoka kama wa kufukuzia mbu wa mtaa mzima. Nikapita nao koridoni, pembeni ya godoro, nikasimama mlangoni kwa Kaka Hamisi mpaka akaanza kukohoa. Akatoa kichwa, spika moja sikioni.

"We Mwana, unachoma nyumba?"

Nikamsogezea moshi. Aliangalia chetezo, akaniangalia mie, akaliangalia godoro. Akachomoa spika ya pili.

"Subiri nitawadhe," akasema kwa sauti ya chini.

Zuhura alinifuata nyuma akipeperusha moshi kwa daftari lake. Tukafika mlango wa nyuma, Baba yuko pale anajifuta miguu. Nikasimama mbele yake tu. Alivuta pumzi. Aliitazama kamba koridoni, kisha akasema kama anayeongea na taulo, "Haya. Muda si bado upo?"

Mkeka ulikuwa umekaa sana umekunjwa, ukawa unajikunja wenyewe pembeni, ikabidi Hamisi aukalie. Tuliswali. Tukasoma Yasin, Hamisi mbio vile vile, Baba akamgusa goti vile vile, ingawa goti lenyewe siku hizi limelipita la Baba. Tukafika kwenye shukurani. Zuhura alishukuru kwa kung'oka jino. Hamisi alifikiri sana, akashukuru kwa huu mkeka, nasi tukacheka. Ikafika zamu yangu.

"Mie namshukuru Mungu kwa sababu leo Baba..."

Honi ikalia getini. Ilikuwa kirikuu.

Mama aliinamisha kichwa. Mie nikafunga mdomo, nikajua ndiyo basi. Ikalia tena, ndefu. Hamisi akaanza kuinuka akafungue.

Baba akainua kidole cha shahada.

Hamisi akakaa. Honi ikalia mara nyingine, mbwa wa jirani wakaitikia, na sie tumekaa pale mkekani tunatazamana. Zuhura akaninong'oneza, "Tunasubiri nini?" Hamisi akamjibu, "Ndege," na Mama akajiziba mdomo kwa ncha ya ushungi, mabega yakimcheza. Tulisubiri mpaka honi ikachoka.

Kidole kikashuka. "Ina safari yake," Baba akasema. Akakohoa, akausingizia ubani. "Haya, Mwanaidi, ulikuwa unasema."

"Leo Baba ameingia jua halijazama," nikasema. "Naomba Alhamisi nyingine iwe hivi hivi."

Hakuna aliyesema hatumsikii. Baba alifanya dua, dua ndefu, alitutaja mmoja mmoja. Kisha akainuka, akavaa kandambili na kutoka. Tulimsikia getini.

"Nisamehe sana, ndugu yangu. Wewe nenda tu. Leo kwetu Alhamisi."

Na yule dereva, mtu mzima mwenye ndevu zake, akamjibu, "Kwani fundi, kwetu sie ni lini?" Wakacheka wote wawili, kirikuu ikawaka, ikaondoka. Vitumbua havikuwepo, tulikula wali wa nazi. Lakini tulikula pamoja, na aliyechelewa kunawa tukamwambia atakula harufu.

Sidanganyi kwamba Kiwalani imerudi. Kule tulikuwa tunakutana hata tusipotaka, chumba chenyewe kilikuwa kinatukutanisha. Huku mtu inabidi apange, amsubiri mwenzake, azime kitu anachokipenda. Kule Alhamisi ilikuwa inakuja yenyewe. Huku inabidi mtu apande kigoda akaishushe. Na bati letu jipya halitetemeki kamwe, limetulia mno, wakati mwingine nasikiliza juu kama kuna kitu kimechelewa kupita.

Asubuhi yake niliamka Baba ameshaondoka kwenda karakana. Godoro lilikuwa bado koridoni na kamba yake. Nikakaa chini, nikaanza kufungua lile fundo la Baba kwa meno na kucha. Mama akatoka chumbani kwake, akasimama juu yangu.

"Umeambiwa ulifungue?"

"Sijaambiwa, Mama."

Akaniangalia kidogo. "Basi lipeleke kwanza juani, lina vumbi. Na hiyo kamba usitupe, tutaanikia nguo."

Nikaliburuta hadi uani, nikaliegemeza ukutani. Halafu nikamwita Zuhura, nikamkabidhi chetezo kilichopoa, nikamwonyesha namna ya kumwaga majivu bila kuyapuliza.