Mtu Niliyemtoa kwenye Grupu

Nawasalimu wote mtakaosoma hapa, hasa wanaume mnaosoma huku mmeficha simu.

Mimi niliishia darasa la nne kule Mugango, nikaanza kubeba ndoo za dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Leo nina duka kubwa la vifaa vya ujenzi Musoma mjini, lingine Bunda, na bati jekundu la nyumba yangu unaliona ukiwa ziwani. Sijasaidiwa na mtu. Ndivyo nilivyokuwaga nasema.

Grupu letu la simu la watu wa Mugango nililianzisha mimi, na admini nilikuwa mimi peke yangu. Mwaka juzi mwenzetu mmoja, Mafuru, niliyechunga naye mbuzi utotoni, akaandika kwamba amechoka, haoni faida ya kuishi. Watu wakaweka vikatuni vya kucheka. Wengine wakasema ni dhambi, wengine ni mkosi. Mimi kuandika kunanisumbuaga, hata haya ananiandikia mwanangu Neema, nikarekodi sauti: "Mafuru, hapa sio wodi. Mwanaume hachoki." Nikamtoa. Nikasifiwa sana.

Sikumbuki kama nilimuuliza hali yake. Hapana, nakumbuka. Sikumuuliza.

Mwaka jana ikanijia mimi. Sikufilisika, sikufiwa. Usingizi tu ulikata. Nikawa naamka moyo unakimbia, shuka limelowa jasho. Chakula kikawa kama karatasi mdomoni. Choo nilikikosa siku nne, tano. Suruali zikaniporomoka. Nikawa nalia stoo, nyuma ya mifuko ya saruji, wateja wanasubiri misumari. Mke wangu akaniuliza, "Baba Neema, una mwanamke mwingine?" Ningekuwa na nguvu ningecheka.

Mawazo ya kujiua yakaja, yakakaa. Asubuhi moja nikarekodi sauti nikaituma kwenye grupu: ndugu zangu, naona bora nisiwepo.

Wakajibu haraka. "Tajiri kalewa asubuhi yote hii." "Ukijiua hatuji kukulilia." Halafu mmoja akachimbua ile sauti yangu ya zamani, akairusha. Mwanaume hachoki. Nikajisikia mimi mwenyewe nikijizomea.

Kabla ya saa sita mchana pikipiki ikasimama getini. Mafuru, tumbo mbele, samaki aina ya ningu wananing'inia kwenye usukani. Dada yake yumo kwenye grupu, ndiye aliyempigia.

"Tajiri, fungua. Nimekuletea samaki wa watu, wewe si unakulaga wa kwenye friji?"

"Mafuru, mimi ndiye niliyekutoa."

"Najua. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kuja. Walioko ndani wanaandika."

Akakaa. Akaniangalia. "Unafikiria kujiua?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza, na yeye aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya bati. Nikasema ndiyo. Nikalia mpaka kamasi. Akanipa leso yake, chafu, inanuka samaki. Akamgeukia mke wangu: "Shemeji, tupikie hawa, halafu hospitali wote watatu. Mimi nilikwenda. Napajua mpaka benchi lisiloyumba."

Daktari, binti mdogo kabisa, akasema, "Baba, huu ni ugonjwa, unaitwa sonona. Unatibika. Dawa hazifanyi kazi siku moja, na usikae peke yako."

Mke wangu akanishika mkono mbele ya watu. "Bora angekuwa mwanamke," akasema, "ningempiga."

Baada ya wiki kadhaa nikalala mpaka jogoo akawika. Baadaye kidogo nikagombana na fundi kwa makelele, mke wangu akamshukuru Mungu. Kliniki bado naenda. Mafuru alikuja kila Jumamosi, ananitania, anakula kama watu wawili.

Namshukuru Mungu, mke wangu, na yule binti. Wewe unayeumwa, mwambie mtu mwenye uso, kisha nenda hospitali. Na wewe uliyesoma kwamba fulani amechoka na maisha, acha kuandika. Nenda. Ukiwa mbali, piga.

Juzi nimemrudisha Mafuru kwenye grupu, nikampa na uadmini. Alikuwa amekaa kwangu, sahani ya ningu katikati yetu. Kitu cha kwanza alichofanya, akanitoa mimi.

"Onja," akasema, wala hakuinua macho.

Nikakaa nje ya grupu nililolianzisha, mpaka samaki wakaisha. Ningu ana miiba mingi. Muda wote huo Mafuru alikuwa ananichambulia minofu, ananiwekea upande wangu.