Macho ya Gikunda katika mahindi ya Gladwell

Umande haujakauka, na Gladwell Kinya ameshaweka kigoda katikati ya mistari ya mahindi. Anarudi nyumbani, anamshika mumewe, Gikunda, mkono, wanateremka pole pole. Anaketi, anavuta pumzi, kisha anaanza kugeuza majani, moja baada ya jingine.

"Hapa," anasema.

Gladwell anainama. Macho yake hayaoni tena vitu vya karibu, lakini kidole cha mumewe kinampeleka mpaka penyewe, naye anaponda: mayai ya viwavijeshi, yamefunikwa na utando kama vumbi la pamba.

Mahindi haya ya Kiirua, Meru, si ya ugali. Hukatwa yakiwa mabichi, yakavundikwa kuwa saileji, lishe ya Kanana, ng'ombe wao wa pekee. Maziwa yake ndiyo yanayoilisha nyumba hii tangu kifua cha Gikunda kilipoharibika.

Kwa miaka mingi Gikunda alikuwa kibarua wa kupiga dawa katika mashamba ya viazi ya Kibirichia, pampu mgongoni, pua wazi. Siku hizi hata jirani akinyunyiza, yeye hubanwa na kifua.

Viwavi walipoingia msimu uliopita, alijua la kufanya. "Nilimwambia apige dawa tu," anakumbuka. "Mimi ningeenda kukaa kwa dada yangu huko Kianjai mpaka harufu iishe. Ng'ombe hawezi kulala njaa kwa sababu yangu."

Gladwell alikataa. "Nikamuuliza, Baba Munene, ukienda Kianjai mimi nitaongea na nani? Na hii mayai nitaonyeshwa na nani?"

Lydiah, afisa wa kilimo, alikuwa ameshawafundisha njia isiyo na dawa: kuponda mayai kabla hayajaanguliwa, na kutia majivu makavu au udongo laini ndani ya moyo wa mhindi, pale kiwavi anapojificha.

Lakini walikuwa wamechelewa kuanza. Sehemu ya chini ya shamba ilitafunwa, majani yakabaki vishipa. Gladwell aliingia huko peke yake akalia, akidhani haonekani.

Gikunda alimwona. Kesho yake alitoka bila kumwamsha, akisimama kupumua kila baada ya hatua chache. "Nilimkuta ameshaanza kazi," Gladwell anasema. "Majivu imejaa mpaka kwa nywele." Anacheka, halafu anafuta macho kwa ncha ya leso.

Sehemu ya juu ilipona. Saileji haikutosha, ikabidi waombe majani ya nepia kwa majirani, lakini Kanana hakuuzwa.

Msimu ujao Gladwell anataka kupanda mistari mingine kando ya mlango wa jikoni, ili hata siku ambazo pumzi ni fupi, mumewe aifikie.

"Atakuwa ananiita kila dakika," Gikunda anamwambia mwandishi, bila kuinua macho kutoka kwenye jani.

"Si hiyo ndiyo nataka," Gladwell anamjibu.