Mahali pa Jina Ndani ya Wimbo

Wanakuja asubuhi, hata sijamaliza kupangusa sahani za sola. Kibanda changu kiko pa Mweso, kandokando ya barabara ya Kitshanga. Ninachaji telefone za watu, na ninawawekea muziki ndani ya kadi. Vijana wanajua kwamba wimbo ukipita kwangu utapanda milima, utashuka sokoni Sake, utapakiwa ndani ya Fuso mpaka Walikale. Basi wanakuja, flash inaning'inia shingoni sawa rozari, kofia imegeuzwa nyuma, lineti nyeusi machoni na mvua inanyesha.

"Muzee, tusaidie. Sisi ni waimbaji."

Waimbaji wa nini? Ninawaambia: imba hapa, sasa hivi, bila mashini. Wanacheka, wanatazama viatu vyao. Viatu vyenyewe ni vya kuazima, ninavijua, juzi vilikuja hapa na miguu mingine. Mumoja alinijibu, "Muzee, sauti yangu imebaki ndani ya ordinateri, mashini ya studio." Nikamuambia, basi tuma ordinateri iende kuimba, wewe rudi ulime.

Halafu wanaomba mashauri. Mashauri wameshapewa mengi: eti amini ndoto yako, eti tafuta jina la usanii, eti piga picha ukiwa umeegemea gari ya muntu. Wanaosema hayo hawajawahi kuimba hata kwenye kilio. Mimi nina shauri moja tu. Sikulitoa shuleni, shule niliiachia mu primeri. Nililitoa kwenye barieri, pale watu wa bunduki wanafunga barabara kwa kamba. Usitie jina la mukubwa ndani ya wimbo wako.

Hapo wanaguna. Kwetu Congo muimbaji akifika katikati ya wimbo akapaza jina la tajiri ao la mukubwa fulani, tunasema ametupa libanga, yaani jiwe. Desturi ilitoka Kinshasa, ikapanda milima yetu kwa redio. Mukubwa anasikia jina lake, anavimba, anatoa kitu. Sawa. Lakini Kinshasa mukubwa akianguka anabaki tu muntu mwenye gari ya zamani. Kwetu akianguka, yule anayekalia kiti chake anauliza: nani walikuwa watu wake? Na wimbo unamujibu, wewe hata hujafungua kinywa.

Mimi nilizaliwa mulimani Masisi, kwa watu wa maharagi na mihogo. Majirani wa ng'ombe walikaa juu, sisi chini, na jioni maharagi yalipanda, maziwa yalishuka. Nilianza kuimba kwenye korali. Kiongozi wa korali alinifukuza siku aliponikamata naimba muziki ya dunia kwenye arusi. Huyo simuhesabu kati ya wakosaji wangu watatu. Alikuwa na wivu tu, na wivu wa korali hauui muntu.

Wimbo wangu ulikuwa juu ya mama anayeshuka Sake na muzigo wa maharagi mugongoni. Njia nzima anaongea na ule muzigo sawa anaongea na mume wake: leo umekuwa munene, jana ulikula nini, nikikuuza utanikumbuka? Watu waliusikia kwenye arusi wakacheka mpaka machozi. Nikaupeleka studio.

Huyo mwenye studio njo mukosaji wa kwanza, na akisoma hapa atajijua. Studio yake ilikuwa chumba cha mbao, na vipande vya godoro vimepigiliwa ukutani. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Muzuri. Lakini uko uchi."

"Uchi namna gani?"

"Hauna jina ndani. Huyu mama wa maharagi atakupa nini? Maharagi?" Akacheka peke yake. "Ndugu yangu, jina ni neno moja tu. Neno halijaua muntu."

Lile neno shika hapo, nitalirudia.

Jina alilitafuta yeye. Lilikuwa la mununuzi wa mawe ya madini ku Walikale, muntu wa tumbo na simu nyingi, mwenye kulindwa na watu wa bunduki. Na mahali pa kulitia alipachagua pia yeye. Mama anafika kwenye mukunjo wa njia, anatua muzigo apumzike, anavuta pumzi, na pale pale mimi napaza jina la bwana ambaye hajawahi kubeba hata mwavuli wake mwenyewe. Upuuzi mutupu. Lakini wimbo ulienda. Mununuzi akaniita Walikale nimuimbie, akanizawadia koti la ngozi. Koti la ngozi, Walikale, mahali kuku anahema kivulini! Nililivaa. Nilitoka jasho sawa mufungwa, na watu wakapiga makofi.

Mara wale wa bunduki waliomulinda wakaondoka, wengine wakaingia. Kwetu iko vile, sitapoteza wino. Mununuzi alikimbia hata bila kuaga. Mimi nikapanda Fuso nirudi kwetu, nimeketi mbele na dereva, gitaa katikati ya magoti. Kwenye barieri, wale wapya waliomba telefone za watu. Mumoja akafungua ya dereva. Wimbo wangu ukalia, mama akatua muzigo wake, jina likatoka.

Mukubwa wa barieri alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, anakula muhogo wa kuchoma. Akaacha kutafuna.

"Nani anaimba hapa?"

Dereva akanionyesha kwa kidole. Zamani nilikuwa nasema simulaumu, alikuwa na watoto. Sasa nimezeeka, ninamulaumu.

"Njo wewe unamupenda bwana huyo?"

"Mukubwa, mimi simupendi. Ni kazi tu."

"Aa, ni kazi! Basi fanya kazi." Akanitajia jina lake. "Tia hilo. Nataka lisikike mpaka ng'ambo ya muto."

Nikaimba. Pale palipokuwa jina la mununuzi nikatia lake. Vijana wake walifurahi sana. Mukubwa akasema nisimame karibu na kamba, na kila gari ao pikipiki ikifika, nianze upya. Watu waliosimama kulipa ili wapite walilazimishwa kupiga makofi. Mama mumoja alikuja na muzigo wa maharagi mugongoni, muzigo wa kweli, kamba imemukata paji la uso. Wakamuambia asimame, asitue, asikilize wimbo wake. Nilimuimbia. Hakunitazama hata mara moja, alitazama chini, jasho lake likidondoka kwenye udongo.

Sauti ilipoanza kukwaruza wakasema, "Ongeza, sawa mu studio!" Ilipopasuka wakacheka zaidi. Niliendelea kwa sababu mumoja wao alikuwa anachezea bunduki yake kila niliponyamaza. Jua lilipoanza kuinama, mukubwa alichoka na jina lake mwenyewe, jambo nadra kwa wakubwa. Akavunja gitaa kwa goti, akanivua koti langu, akaniambia niende. Koti nilifurahi liende. Sauti haikurudi. Leo ninaongea sawa muntu anayeburuta bati barabarani, na watoto wa Mweso wananiigiza.

Nilikaa muda murefu upande wa Hombo, ninapakia ndizi kwenye magari. Na nani nilimukuta pale, kwenye meza ya mugahawa, na samaki mbele yake? Mununuzi. Munene kuliko zamani.

"Patron, mimi njo muimbaji wako."

"Muimbaji gani?"

"Wa mama wa maharagi. Jina lako liko ndani."

Akafikiri, kweli alifikiri, mufupa wa samaki mukononi. "Waimbaji ni wengi, kaka," akasema. Akanisogezea soda yake, ilikuwa nusu. Huyo ni wa pili. Yule wa barieri sihitaji kumueleza tena. Nasikia amepewa ofisi na kiti cha ngozi, na anafungua mikutano juu ya amani.

Majina yao siyaandiki. Niliyaimba ya kutosha.

Haya yote nisingeyatoa kama si binti ya dada yangu. Mutoto huyu anaimba. Sitasema mengi juu ya sauti yake, sitaki avimbe. Wimbo wake unasema juu ya kijana wa pikipiki aliyemuahidi atarudi, na kila pikipiki inayopita si yeye. Ujinga wa kawaida wa umri wake. Lakini anapoiga mulio wa pikipiki inayokuja halafu inayoenda zake, wateja wangu wanageuka kutazama barabara.

Dada yangu alichukua gunia la maharagi, yale ya mbegu, akamupelekea mwenye studio ili mutoto arekodiwe. Mwenye studio gani? Yule yule. Alihamia Mweso. Godoro la ukutani ni lile lile, tumbo njo mupya. Akameza gunia, halafu akamuambia mutoto: wimbo uko uchi, tutatia jina la mukubwa wa barieri ya huku, nitamupelekea mwenyewe, atatusaidia. Mutoto akakubali.

Nilifunga kibanda, nikaenda naye. Njiani alikuwa anatafuna muhindi wa kuchoma.

"Tonton, kila muntu anatia majina."

"Kila muntu anakohoa pia."

"Ni neno moja tu."

"Hilo neno moja njo lilikula sauti yangu."

"Mama anasema ni kasiksi njo ilikula sauti yako."

Kasiksi! Pombe ya ndizi! Lakini kweli, dada yangu sikuwahi kumueleza. Niliporudi, watu walijitungia ya kasiksi wakaipenda, na mimi niliwaachia, maana mulevi anahurumiwa kuliko muntu aliyechezewa. Basi nikamusimulia mutoto, pale pale barabarani, kuanzia koti mpaka kamba. Hakuacha kutafuna. Watoto wa leo ukiwaambia nyumba inaungua watauliza kama mutandao upo. Nilipomaliza akatupa gunzi.

"Na yule mama mwenye muzigo, walimuacha apite?"

"Sijui. Nilikuwa naimba."

Akatangulia mpaka mulango wa studio.

Mwenye studio alinisalimia na kicheko. "Eh, sauti ya jerikani! Bado uko muzima?" Nikakaa kwenye kiti chake kizuri. Mutoto akavaa vifaa vya masikio, mashini ikaanza. Aliimba vizuri, nimesema sitaki avimbe. Ikafika mahali pale ambapo pikipiki imepita na vumbi linatua. Mwenye studio akainua kidole kumuonyesha: sasa, jina.

Mutoto akafunga kinywa. Gitaa ya mashini ikaenda peke yake, nafasi ya jina zima, halafu akarudi kuimba kama hakuna kilichotokea.

Mwenye studio akasimamisha mashini. "Umesahau jina."

"Sikusahau, Papa."

"Pale ni mahali pa muntu. Wimbo hauwezi kubaki na tundu! Watu watasema nimekata vibaya."

"Ubaki vile."

"Nani alikufundisha? Huyu?" Akanigeukia. "Muzee, unaharibia mutoto maisha. Jina halijaua muntu."

Neno lile. Miaka yote alilishika sawa hirizi. Nikasimama, nikamusukumia mikro.

"Basi tia lako."

"Nini?"

"Si unasema ni mahali pa muntu? Wewe si muntu? Paza jina lako na la studio yako. Lishuke Sake, lifike Walikale, lilie kwenye kila barieri, ya hawa na ya watakaokuja kesho. Ni bure. Paza."

Aliishika mikro. Nakuapia alifungua kinywa. Halafu pikapu ya wakubwa ikapita nje, mbao za ukuta zikatetemeka, naye akatazama dirisha. Akaiweka mikro chini polepole, sawa muntu anaweka yai. Akachukua kitambaa akaanza kupangusa ordinateri.

"Mimi si musanii," akasema.

Hapo njo nilijua. Muda wote nilimufikiria mujinga, muntu wa tamaa asiyeona mbali. Kumbe alijua kwamba jina linaua. Alijua siku nilipoingia na mama yangu wa maharagi, alijua wakati anacheka. Kwa hiyo namutoa kwenye nafasi ya kwanza ya wakosaji, halafu ninamurudisha pale pale, lakini juu zaidi.

Gunia hakulirudisha, lilikuwa limeshapikwa. Wimbo alitupatia, na tundu lake. Musimu ule dada yangu alipanda mbegu za kuomba kwa majirani wa juu, na mpaka leo ananinunia. Mutoto haninunii. Ameshaniletea wimbo mwingine.

Mwanzoni wateja walirudi kulalamika. "Muzee, kadi yako imekata wimbo." Nikawaambia haikukata kitu. Wakazoea. Siku ya soko nasikia wamama wakiimba barabarani na mizigo, na wakifika kwenye lile tundu kila mumoja anapaza jina lake mwenyewe. Mumoja anapaza la mbuzi wake. Mbuzi hana adui.

Na wale vijana wa lineti? Wamekuja tena juzi, flash shingoni.

"Muzee, ile nafasi iliyo tupu katikati, watu banaitaka sana kule Sake. Ni stile mupya?"

Niliwatazama, kofia nyuma, viatu vya muntu mwingine. Kuwaeleza yote tena, barieri, kamba, koti? Wangeuliza mutandao.

"Ndiyo," nikasema. "Ni stile mupya. Anayetia jina siku hizi ni mushamba."

Wakaandika kwenye telefone zao.