Ploti Isiyo na Mpaka

Januari ile ya 2008, mtaa wangu wa Kianda ulipokuwa haupitiki kwa ghasia za uchaguzi, rafiki yangu alinipa chumba kwao mtaa wa Kongo, Kawangware, ambako babake alikuwa na ploti kadhaa. Mimi ni Mkamba wa Kitui, fundi wa kompyuta. Nilifika na begi moja na kompyuta nimeikumbatia kifuani. Wema huo siusahau, na ndio unaoniuma zaidi.

Simu zilijaa meseji: huku kunachomwa, kule kumetulia. Nyingi zilikuwa uongo mtupu. Nikaandika programu ya kuzichambua. Wazo nililitoa kwa mama yangu, aliyeuza maharagwe soko la Lindi, jirani na Kianda. Hakuwahi kunipa kanuni. Alinionyesha mabovu tu, hadi jicho langu likayazoea. Nami nikaionyesha kompyuta meseji za kweli na za uongo, moja moja, mpaka ikaanza kuzitambua yenyewe. Rafiki yangu alinisomea meseji kwa sauti. Programu niliandika mimi.

Mambo yalipotulia, akaja na karatasi za kuomba hataza, ile haki ya mvumbuzi kumiliki alichobuni.

"Niaje bro. Form nishajaza. Wewe sign hapa, kwa shahidi. Unajua buda hauzi ploti bila shahidi, na hachukui msee wa hivi hivi."

Kweli, babake hakumwita shahidi mtu yeyote tu; kwao kuitwa shahidi ni heshima kubwa. Nikatia sahihi bila kusoma, mjinga mimi.

Miezi michache baadaye, nikiwa nimeanza kuuza programu yangu, nikapata barua yake: niache kuuza programu ile, ombi lake linashughulikiwa. Ndipo nikaenda kulisoma. Hakuomba haki ya programu tu. Aliomba haki ya njia yoyote ya kuifundisha kompyuta kwa mifano. Familia iliyogombana na jirani miaka kwa ajili ya hatua mbili za ua, hapa haikuweka hata jiwe moja la mpaka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaenda kupinga. Nilimwambia afisa wa hataza kwamba haki pana namna hiyo asipewe mtu yeyote, hata ningeiomba mimi, kwa sababu kujifunza kwa mifano hakuna mwenyewe. Mama yangu alikuwa akifundisha hivyo sokoni. Afisa alinisikiliza vizuri, hata akaandika. Kisha akafunua ukurasa wa mwisho, akanisomea: "Nashuhudia kwamba njia hii ni wazo lake peke yake."

Akaweka kidole chini ya maneno hayo.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu," nikasema.